Kutyuni pikipiki kwenye dino: muda wake, bei yake, na lini inafaa

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Njiro, Arusha. Nina Yamaha XT660Z ya mwaka 2011 niliyoinunua Dar ikiwa imetumika. Nimebadilisha bomba la moshi na kuweka chujio la hewa linalopitisha zaidi. Tangu hapo, kwenye resi ndogo gia ya pili au ya tatu, inavuta na kuachia, inavuta na kuachia. Nikiachia resi kwenye mteremko inapiga milipuko. Halafu naona haina nguvu niliyoitegemea. Gereji moja imeniambia dawa ni dino, ile mashine ya kupimia nguvu ya injini: nusu siku, laki tisa, na kifaa cha kurekebisha mafuta kiwe juu yangu. Rafiki yangu anasema nitatupa hela. Kwa kawaida kazi hii inachukua muda gani, bei yake halali ni ipi, na kwangu mimi inafaa?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nusu siku uliyoambiwa ni muda wa kweli. Pikipiki ya silinda moja yenye injeksheni (mafuta hupulizwa kwa amri ya kompyuta), ikifika ikiwa nzima, hukaa kwenye dino saa tatu hadi nne mpaka ikabidhiwe. Laki tisa nayo si bei ya kukimbia, ilimradi ndani yake kuna kazi nitakayoieleza hapa chini. Lakini kwa jinsi ulivyoieleza pikipiki yako, usilipe wiki hii. Kuna mambo ya kufanya nyumbani kwanza, na baadhi yake yanaweza kukuondolea tatizo kabla hujafika huko.

Tuanze na pesa. Marekani, ambako kazi hii ni ya kila siku, gereji nyingi hutoza kama dola 100 hadi 150 kwa saa ya dino. Kupimwa nguvu tu, yaani kufungwa na kuvutwa resi mara mbili tatu bila kurekebishwa chochote, huwa dola 60 hadi 120. Kutyuni kamili, yaani kupima na kurekebisha mafuta ya injini, kwa pikipiki yenye injeksheni huangukia kati ya dola 300 na 600, kifaa hakimo. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, hiyo ni laki saba na nusu hadi milioni moja na nusu, kwa hiyo laki tisa imo humo. Kifaa chenyewe, mfano Power Commander ya Dynojet, mara nyingi ni dola 300 na kitu hadi 450. Ukikiagiza kutoka nje ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Ukijumlisha yote, fedha unayoizungumzia ni milioni mbili na laki kadhaa. Uamuzi wako ufanye kwa hesabu hiyo, maana laki tisa haifiki hata nusu yake.

Fedha hiyo inalipia nini? Watu wengi hudhani inalipia mashine, kwamba pikipiki ikishapanda juu yake inashuka ikiwa na nguvu zaidi. Dino ni mizani, na hakuna mtu aliyepungua kwa kupanda kwenye mizani. Unachokilipia ni saa za fundi anayesoma kile mizani inasema na kurekebisha kidogo kidogo. Saa hizo unaweza kuzipunguza wewe mwenyewe kwa namna unavyoiandaa pikipiki, au ukazirefusha mpaka siku nzima ikaisha.

Ukiielewa kazi yenyewe, utajua pia maswali ya kumuuliza huyo mwenye gereji. Gurudumu la mbele linabanwa, pikipiki inafungwa kwa mikanda, gurudumu la nyuma linakaa juu ya pipa zito la chuma. Dino ya aina ya kwanza haina kingine zaidi ya pipa hilo. Kompyuta inajua uzito wa pipa, inapima limeongeza kasi kwa haraka kiasi gani, na kutokana na hapo inakokotoa nguvu. Dino ya aina ya pili ina pipa pamoja na breki, mara nyingi ya sumaku ya umeme, inayoweza kuizuia injini ibaki kwenye mizunguko ile ile hata ukiongeza resi. Fundi akitaka injini ikae kwenye mizunguko 2,750 kwa dakika huku resi ikiwa imefunguliwa asilimia 5, breki inamshikia hapo kwa muda anaoutaka.

Kwako wewe tofauti hiyo ni kubwa kuliko bei. Shida yako iko kwenye resi ndogo. Pipa lisilo na breki linapima vizuri resi ikiwa imefunguliwa yote, lakini kwenye resi ndogo injini haina kitu cha kuishika, inapita haraka na kipimo hakitulii. Unaweza kulipa, ukapewa karatasi yenye mchoro unaopanda vizuri, ukarudi Njiro, na ukifika Kijenge pikipiki ikaanza tena kuvuta na kuachia. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe hili: dino yenu ina breki, na mtatyuni resi ndogo kwa kutumia breki hiyo? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, shukuru uende zako.

Sasa angalia saa zinakokwenda. Kufunga pikipiki, kuunganisha kompyuta na kuipasha injini joto ni karibu dakika 40. Kupima hali ilivyo kabla ya kugusa kitu ni dakika chache, kwa sababu kuvuta resi yote kutoka chini hadi juu hakufiki hata sekunde 20. Kazi iko kwenye jedwali la mafuta. Kwenye Power Commander jedwali hilo lina safu za resi, kwa mfano asilimia 0, 2, 5, 10, 20, 40, 60, 80 na 100. Kwenda chini limepangwa kila mizunguko 250. Kuanzia sailensa (injini ikizunguka bila resi) mpaka mizunguko 7,500 ya XT660, hivyo ni visanduku zaidi ya 200. Fundi anaingia kwenye kisanduku, anashikilia, anasoma uwiano wa hewa na mafuta kwenye moshi, anaongeza au kupunguza asilimia kadhaa, anahamia kinachofuata. Vingine anavijaza kwa kukadiria kutoka kwa jirani zake, lakini vile unavyovitumia kila siku lazima avifikie. Katikati ya kazi anasimama ili injini ipoe, kwa maana feni ya gereji haiwezi kulingana na upepo wa barabarani. Hapo ndipo saa mbili na nusu hivi zinapokwenda, na gereji inayokuahidi kumaliza kila kitu kwa dakika 45 inatyuni safu ya asilimia 100 peke yake, safu ambayo kwenye barabara ya Sokoine huigusi kabisa.

Analolitafuta fundi si siri. Petroli huungua kwa ukamilifu ikiwa gramu 14.7 za hewa zimekutana na gramu moja ya mafuta. Ukitaka nguvu kubwa kabisa unaongeza mafuta kidogo mpaka karibu 13 kwa 1, resi ikiwa yote. Kwenye mwendo wa kawaida, injini kubwa ya silinda moja kama yako hutulia vizuri ikiwa kati ya 13.5 na 14. Ikipitiliza upande wa hewa nyingi, kila mlipuko ndani ya silinda unakuwa na nguvu tofauti na uliotangulia. Wewe uliyekaa juu unasikia inavuta na kuachia. XT660 ilitoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kubana kwenye resi ndogo ili ipite vipimo vya moshi vya Ulaya. Ukiongeza bomba linalopumua na chujio linalopitisha hewa zaidi, unaizidishia pale pale ilipokuwa na upungufu. Maelezo yako yanalingana kabisa na hali hiyo.

Kuna jambo moja ambalo fundi asiyezoea hulisahau. Pikipiki yako ina sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi. Kwenye mwendo wa taratibu kompyuta huisikiliza na kuurudisha uwiano kwenye 14.7. Fundi akiongeza mafuta kwenye visanduku hivyo huku sensa bado inafanya kazi, kompyuta itayatoa tena baadaye ukiwa barabarani, na wewe utadhani pikipiki imeharibika upya. Vifaa vingi huja na plagi ndogo ya kuitenga sensa hiyo. Muulize imo au haimo.

La pili ni mahali anapochukulia moshi wa kupima. Akichomeka mrija kwenye ncha ya bomba fupi, kwenye mizunguko ya chini hewa ya nje hurudi ndani na kipimo kinaonyesha hewa nyingi kuliko ilivyo kweli. Ataongeza mafuta yasiyohitajika. Sensa ikae karibu na injini. Kama huna nafasi yake, mtu wa kuchomelea anaweza kuweka nati ya M18 yenye hatua ya 1.5 kwenye bomba kabla ya kichujio cha moshi, na usipoitumia unaiziba kwa boliti. Fanya hilo kabla ya siku ya dino, kwa sababu kama halijafanywa watalifanya wao, nawe utalipia saa ya mashine huku pikipiki inachomelewa.

Kuhusu nguvu uliyoitegemea, naomba unifuate kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu wa Arusha na Moshi wanapodanganywa, na wakati mwingine wanajidanganya wenyewe. Yamaha wanasema XT660 ina nguvu za farasi 48. Namba hiyo ni ya kwenye kreki, yaani mhimili wa injini yenyewe, na imepimwa kwa hewa ya karibu na usawa wa bahari. Gia, cheni na tairi hula asilimia 10 hadi 15 kabla nguvu haijafika kwenye pipa, kwa hiyo Dar ungeona kama 41 hadi 43. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yake ina uzito pungufu kwa asilimia 12 hadi 13 kuliko ya Dar. Injini inayovuta hewa yenyewe, bila taabo (turbo) ya kuisukumia hewa, inapoteza karibu kiasi hicho hicho. Unabaki na 36 au 37. Mji wa Moshi, ulio chini zaidi, upotevu ni kama asilimia 8. Ulipoijaribu pikipiki Dar kabla ya kuinunua, mkono wako ulizoea nguvu ya pwani. Sehemu ya kile unachokitafuta imeliwa na mwinuko, na hakuna jedwali la mafuta litakaloirudisha.

Karatasi ya dino nayo inaweza kukuchanganya. Programu hurekebisha namba ili ionekane kana kwamba umepima kwenye hewa ya kiwango fulani. Kiwango cha SAE J1349, kwa mfano, hurudisha kila kitu kwenye joto la nyuzi 25 na shinikizo la hewa kavu la kilopaskali 99. Kiwango hicho chenyewe hakikusudiwi kutumika pale marekebisho yanapozidi asilimia 7. Arusha marekebisho yanakaribia asilimia 20, na Moshi ni kama 12. Kwa hiyo namba iliyorekebishwa Arusha ni makadirio ya mbali, hata mashine ikiwa nzuri namna gani. Kuna kiwango kingine kinachoandikwa STD, nacho hutoa namba kubwa kuliko SAE kwa kama asilimia 4. Ukiletewa karatasi ya kabla iliyoandikwa SAE na ya baada iliyoandikwa STD, nguvu za farasi moja na nusu hivi zimezaliwa kwenye karatasi peke yake.

Dai namba zisizorekebishwa, za kabla na baada, zilizopimwa siku hiyo hiyo, kwa gia ile ile, injini ikiwa na joto lile lile. Hizo pekee ndizo zenye maana kwako. Na usitegemee tofauti kubwa: kwa bomba na chujio peke yake, kwenye injini ambayo haijafunguliwa, nguvu mbili hadi nne za farasi kule juu ni matokeo mazuri. Faida ya kweli iko chini, kwenye ule mwendo wa mtaani, na haionekani vizuri kwenye karatasi yoyote. Utaisikia mkononi.

Ndiyo maana nasema uanzie nyumbani.

Milipuko unapoachia resi kwanza itafute kwenye maungio ya bomba. Injini yako ina mabomba mawili yanayotoka kwenye silinda, na kila moja lina gasketi yake. Aliyefunga bomba jipya akirudishia gasketi za zamani zilizobonyea, hewa hupenya pale, ikakutana na mafuta ambayo hayajaungua, ikalipuka. Washa injini ikiwa ya baridi, sogeza kiganja karibu na maungio bila kugusa, utasikia kapumzi kanakopiga. XT660 ina pia mfumo unaopuliza hewa safi kwenye njia ya moshi kwa ajili ya kupunguza uchafu, na ukishaweka bomba linalopumua, milipuko kidogo kwenye mteremko huwa haiepukiki mpaka mfumo huo ufungwe. Milipuko hiyo midogo haiui injini. Gasketi inayovuja ndiyo ya kushughulikia haraka, kwa sababu hewa hiyo hiyo inaidanganya sensa ya oksijeni na itamdanganya fundi wa dino pia.

Kisha angalia raba inayounganisha injini na mwili wa resi (throttle body). Kwa pikipiki ya 2011 iliyoishi kwenye joto la pwani, raba hizo hupasuka nyufa ambazo huzioni mpaka uikunje. Ufa mmoja unatosha kuleta dalili zote ulizoniandikia. Angalia chujio lenyewe: vumbi la Arusha wakati wa kiangazi hujaza chujio haraka, na lile la kuoshwa likipakwa mafuta kupita kiasi linaziba kuliko la kiwandani. Pima nafasi za valvu. Plagi weka mpya. Betri iwe nzima, kwa sababu volti zikishuka nozeli inachelewa kufunguka na mafuta yanapungua. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji dino. Na kila kimoja, kikigunduliwa pikipiki ikiwa tayari imefungwa juu ya pipa, ndicho kinachoigeuza nusu siku kuwa siku nzima. Kutyuni injini yenye raba iliyopasuka ni kuandika jedwali la ugonjwa. Siku ukibadilisha raba, jedwali lote halikufai.

Ukishamaliza hapo, kuna marekebisho ya bure ambayo Yamaha wenyewe waliyaweka. Kompyuta ya XT660 ina thamani ya CO inayobadilishwa kwa vitufe vya dashibodi, katika hali ya uchunguzi inayoelezwa kwenye kitabu cha huduma. Thamani hiyo inagusa mafuta ya chini kabisa, sailensa na resi ndogo. Andika kwanza namba uliyoikuta, usije ukaipoteza. Panda pointi chache, nenda barabarani, rudi, panda tena kama bado. Wenye pikipiki hii wengi duniani humaliza shida ya kuvuta na kuachia kwa njia hiyo pekee. Sailensa ikianza kuwa nzito na moshi kunuka petroli, rudi nyuma kidogo.

Halafu spoketi. Ya mbele kiwandani ina meno 15. Weka ya meno 14. Msukumo kwenye gurudumu unaongezeka kwa asilimia 7 katika kila gia, na kwenye kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu utaona tofauti ambayo kutyuni kwa milioni mbili hakuwezi kuifikia. Unalipa kwa upande wa pili: injini itazunguka zaidi kwenye mwendo wa safari, na mwendo wa juu kabisa unashuka. Kwa anayeishi Arusha na kupanda milima kila wiki, huo ni ubadilishaji mzuri. Pia inapunguza ile tabia ya kurukaruka mitaani, kwa sababu kwa mwendo ule ule injini sasa iko kwenye mizunguko ya juu kidogo, inakopumua vizuri.

Fanya hayo, endesha wiki mbili. Inawezekana usinihitaji tena, wala usiihitaji dino.

Kama bado kuna mahali nguvu inakatika, au unapanga kubadilisha kamshafti (mhimili unaofungua valvu) au kuongeza kipenyo cha silinda, hapo dino ina haki yake na nitakwambia lipa bila kusita. Injini iliyobadilishwa ndani ikiendeshwa na mafuta ya kukisia inaweza kutoboa pistoni, na bei ya pistoni, silinda na ufundi itazidi hiyo ya dino. Vilevile, kama unaendesha wageni kwa kazi na pikipiki ni riziki yako, ulaini wa resi unaopatikana kwa kutyuni vizuri unapunguza uchovu wa siku nzima, na siwezi kukwambia hiyo ni anasa.

Siku ya kwenda, jipange hivi. Tairi la nyuma lisiwe la kashata. Yale mafundo yanapata moto juu ya pipa, yanayumba, na mengine yanakatika na kuruka. Azima gurudumu lenye tairi ya lami, saizi ya kwako ni 130/80-17. Jaza upepo vizuri. Cheni iwe safi na mkazo wake sahihi. Oili mpya. Tangi liwe na petroli ya siku hiyo, kutoka kituo unachokiamini na unachokusudia kuendelea kukitumia. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama za siri za kutambulisha) kwenye mafuta kwa sababu uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa tatizo kubwa, na petroli yenye mafuta ya taa ikiwekewa mzigo wa dino itagonga ndani ya silinda. Usibadilishe bomba wala chujio baada ya kutyuni. Kama una mpango wa kubadilisha, badilisha kabla.

Ikiwa dino iko mbali, safari nayo ni sehemu ya bei. Arusha hadi Nairobi kupitia Namanga ni kama kilomita 270, na kuna bima ya kuvuka mpaka na karatasi za forodha. Dar ni zaidi ya kilomita 600. Weka mafuta, chakula na kulala usiku mmoja angalau. Watu huniuliza kama pikipiki iliyotyuniwa Dar itafaa Arusha. Ya injeksheni kama yako itafaa: kompyuta husoma shinikizo la hewa na kupunguza mafuta yenyewe, na kifaa kinaongeza asilimia juu ya hapo, kwa hiyo mwinuko hauvurugi kazi. Ya kabureta, hapana. Kabureta haijui kama imepanda mlima. Ikipangwa sawasawa Dar, Arusha itakuwa na mafuta ya ziada kwa karibu asilimia 7. Itapanda kivivu na plagi itakuwa nyeusi. Hiyo ityuniwe kwenye mwinuko unaoishi, na utenge saa nyingi zaidi, tano au sita, maana kila kubadilisha jeti, kile kitundu kinachopimia mafuta, ni kufungua na kufunga upya.

Hapo hapo niseme neno kwa vijana wa bodaboda wanaoniuliza kuhusu Boxer. Boxer 150 ina nguvu za farasi kama 12. Usilipie dino. Jeti iliyo ndogo kwa namba moja, plagi mpya, chujio safi na kuisoma rangi ya plagi baada ya kupanda kilima vitakufikisha mahali pale pale.

Kuna njia ya katikati pia, ndugu yangu, ambayo naipenda kwa mtu mwenye subira. Nunua kipimo chako mwenyewe cha uwiano wa hewa na mafuta, chenye sensa pana (wideband), kwa dola 150 hadi 250. Kifunge kwenye ile nati ya M18, tembea nacho barabara ya Kisongo asubuhi mapema kukiwa kumetulia, kirekodi chenyewe huku macho yako yakiwa mbele. Jioni unafungua rekodi na kurekebisha jedwali nyumbani. Itakuchukua wikendi kadhaa badala ya nusu siku. Utabaki na kipimo, na utaielewa injini yako kuliko fundi yeyote atakayeishika kwa saa nne. Bado utahitaji kifaa cha kurekebisha mafuta, kwa hiyo unachookoa ni ile laki tisa ya ufundi, ukitoa bei ya kipimo.

Ukiamua kwenda kwa huyo aliyekupa bei, kubaliana naye kabla pikipiki haijafungwa: laki tisa ni ya kazi iliyokamilika au ya saa kadhaa, na saa zikizidi inakuwaje? Akigundua kitu kibovu, asimame akupigie simu kwanza, mita isiendelee kuhesabu. Baada ya dino aitoe nje aiendeshe mwenyewe angalau nusu saa, kwa sababu resi ndogo hukamilishwa barabarani hata kwa mashine nzuri. Malipo ya mwisho yatoke wewe ukiwa umeshaijaribu. Na ondoka na faili la jedwali kwenye flashi yako, la kabla na la baada, pamoja na karatasi zisizorekebishwa. Faili hilo umelilipia. Kifaa kikiharibika au ukihamia mkoa mwingine, fundi mwingine ataanzia pale huyu alipoishia badala ya kukutoza upya.